Shahada ya Sheria na Sharia Unguja: Tathmini ya Mtu Aliyeimaliza

Kila msimu wa maombi ya vyuo, wadogo zangu wa Pemba hunipigia simu kuniuliza kama inafaa kulipa ada ya shahada ya sheria na sharia, yaani sheria za nchi na sharia ya Kiislamu kwa pamoja, hapa Unguja, nami nimechoka kujibu vipande vipande. Nilisoma katika chuo kimojawapo cha kisiwani na nimehitimu. Jina la chuo naliacha, kwa sababu nina malalamiko yangu humu na sipendi yageuke ugomvi. Jibu langu ni kwamba inafaa, ila kwa sababu ambazo kipeperushi cha chuo hakikuzitaja hata moja.

Sababu ya kwanza ni watu unaokaa nao darasani. Kwetu walikuwemo vijana waliotoka moja kwa moja kidato cha sita, makarani wa mahkama waliokwisha kuandika mienendo ya kesi kwa miaka mingi, askari polisi, walimu wa madrasa, na mama mmoja mtu mzima aliyeheshimiwa kiasi kwamba hata wahadhiri walimwita Bi Mkubwa. Mchanganyiko huo ndio unaofundisha. Katika somo la mirathi tulipewa swali la mwanamke aliyefariki na kuacha warithi wa aina mbili tu: mume, na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Mume fungu lake ni nusu na dada fungu lao ni thuluthi mbili, na ukijumlisha unapata sudusi saba, yaani saba juu ya sita, na mafungu yanaizidi mali. Walimu wa madrasa walikuwa wamekwisha kulimaliza kwa auli, kanuni ya kupunguza kila fungu kwa uwiano, kabla sisi wengine hatujaelewa tatizo liko wapi: mali inagawanywa mafungu saba badala ya sita, mume anachukua matatu na kila dada anachukua mawili. Tulipokuwa bado tunawastaajabia, karani mmoja wa mahkama akauliza ni nani atakayeitekeleza amri hiyo ikiwa mali yenyewe ni nyumba moja ya Ng'ambo, mtaa wa hapa mjini, yenye vyumba vitatu na mume hataki kutoka. Maalim hakumjibu. Aliifanya kuwa kazi ya kuandika nyumbani.

Sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni mahkama ya mazoezi. Wanafunzi wanapewa kesi ya kubuni, wanaandika hoja na kuzitetea mbele ya jopo, na mara nyingine chuo hualika jaji au kadhi mstaafu kukaa katikati. Shauri letu lilihusu mke aliyeachwa baada ya ndoa ya muda mrefu, aliyekuwa akidai sehemu ya nyumba iliyojengwa kwa fedha za mume. Mwenzangu aliyemtetea mke alisimama kwa kujiamini na kuitegemea hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ambamo Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Kadhi mstaafu alimwacha amalize, akavua miwani, akauliza kwa upole: "Mwanangu, hukumu hiyo imesimama juu ya sheria gani?" Imesimama juu ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ni sheria ya Tanzania Bara na haitumiki Zanzibar. Ukumbi mzima ulijua kwamba hoja imeanguka.

Alichokifanya mwenzangu baada ya hapo ndicho kilichonionesha faida ya kusomeshwa elimu mbili kwa pamoja. Aliomba dakika moja, akaiweka pembeni hukumu ile, akaingia katika fikihi, yaani elimu ya sharia, ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa visiwa hivi. Alisema kwamba wanazuoni wa madhehebu hayo hawamlazimishi mke kupika, kufua wala kufagia kama wajibu wa ndoa. Ikiwa kazi hiyo si wajibu wake, na ameifanya kwa miaka yote ile huku mume akipata nafasi ya kutafuta fedha, basi kwa nini isihesabiwe thamani? Aliyemtetea mume akajibu, naye kwa haki kabisa, kwamba jambo analolifanya mtu kwa hiari bila ya mapatano ya ujira ni ihsani, na ihsani haidaiwi. Mvutano huo haukwisha ukumbini. Ulitufuata hadi kwenye baraza la kahawa nje ya dakhalia, yaani bweni la wanafunzi, ukaingia wiki ya pili, na ninavyofahamu wapo waliotoleana maneno mazito kwa sababu yake. Kwa maoni yangu hakuna mhadhara uliotufundisha mipaka ya sheria za Bara na za Zanzibar kama swali lile moja la mzee yule.

Masomo ya katiba nayo yalikuwa na joto lake, kama unavyoweza kutarajia Zanzibar. Tulisoma jinsi Mahakama ya Rufani, mwaka 2000, katika shauri la Machano Khamis Ali na wenzake, ilivyoamua kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwa kuwa Zanzibar si dola yenye mamlaka kamili, kisha tukasoma Mabadiliko ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 2010 yanayotamka kwamba Zanzibar ni nchi. Maalim alitugawa upande wa kutetea kwa kufuata orodha ya mahudhurio, bila kumuuliza mtu chama chake, na ilikuwa burudani ya aina yake kumsikiliza kijana wa Wete, Pemba, akiitetea kwa bidii hoja anayoichukia.

Kliniki ya msaada wa kisheria ni jambo la hiari, na wengi hawaendi kwa sababu haina alama. Mimi ninaona wanajipunja. Tulikwenda katika shehia za vijijini, tukakaa chini ya mti au katika ofisi ya sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, na watu wakaja na mambo yao: matunzo ya watoto, talaka isiyoandikwa, na zaidi ya yote, ardhi. Bibi mmoja alikuja na suala la shamba la eka tatu ambalo baba yake alipewa na Serikali baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Mwenzetu akaanza kumweleza, kwa Kiswahili kilichojaa Kiingereza cha darasani, kwamba ardhi ya Zanzibar ni ya umma na mtu ana haki ya kuitumia tu. Bibi akamkatiza: "Mie sikuja kuuliza ardhi ya nani. Nauliza mikarafuu ya nani, kaipanda baba." Alikuwa na haki ya kuuliza hivyo, kwa sababu katika mila za visiwa hivi mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwengine, na yule kijana wetu aliyepata alama za juu katika somo la ardhi hakuwa na jibu lililo tayari.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa. Mihadhara yetu na mitihani ilikuwa kwa Kiingereza, wakati mteja wa kweli, kadhi na sheha wote wanazungumza Kiswahili, na katika ratiba yetu hapakuwa na somo la kuandika hati au kutoa ushauri kwa Kiswahili fasaha. Maktaba nayo ilikuwa dhaifu: vitabu vya hukumu vilikuwa vichache, na nakala iliyotakiwa na darasa zima ilikuwa haionekani hadi mitihani ipite, hivyo fedha nyingi ziliishia kwenye fotokopi. Siku hizi hukumu nyingi zinapatikana bure mtandaoni, na anayeanza sasa atapata nafuu. Matokeo ya mitihani yalichelewa, na ofisi iliyohusika ilikuwa na tabia ya kumwambia mtu arudi kesho.

Nisingemshauri ajiunge mtu anayetaka cheti cha kupandia cheo kazini tu, kwa kuwa somo la usuul al-fiqh, yaani misingi ya fikihi, litamchosha bila sababu, na zipo shahada nyepesi zaidi. Anayetaka uwakili ajue pia kwamba shahada peke yake haimfikishi mbele ya jaji, kwani baada yake yapo mafunzo ya sheria kwa vitendo ndipo aombe kuandikishwa na Mahkama Kuu ya Zanzibar. Kabla ya kulipa ada, akiulize chuo anachokikusudia mambo mawili: mahkama ya mazoezi hukaa mara ngapi kwa mwaka, na kliniki inasimamiwa na wakili anayefanya kazi mahkamani au na mhadhiri peke yake. Kwa msichana anayetoka Pemba, aombe dakhalia siku ileile anayopata barua ya kukubaliwa, maana kwetu nafasi za wanawake zilijaa mwanzo, na waliochelewa walipanga vyumba mjini wakawa wanagombania daladala kila asubuhi.