Kuachilia au kujizima hisia, ipi ni ipi?

Watu wengi wanachanganya hivi vitu viwili, kuachilia na kujizima hisia, kwa sababu kwa nje wote wanaonekana wametulia tu, hawalii hawagombani, lakini ndani ni mbingu na ardhi.

Kuachilia ndo kule walikofundisha Wabudha, na pia Epictetus, yule mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa, kwamba kuna yaliyo kwenye uwezo wako na kuna yasiyo, kwa hiyo unapenda kwa moyo wote, unajituma, ila matokeo huyang'ang'anii. Mtu akiondoka unaumia, ila huvunjiki.

Kujizima ni kitu kingine kabisa. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, na mwenzake James Robertson waliwafuatilia watoto wadogo waliotenganishwa na mama zao: kwanza mtoto analia na kupambana, halafu anakata tamaa, mwisho anatulia, anacheza, manesi wanadhani kashazoea, kumbe mama akija anamgeuzia mgongo kama hamjui! Hapo hajapona, kajifungia. Na sisi watu wazima tunafanya hivyohivyo.

Mimi nachagua kuachilia bila kusita, ingawa simlaumu anayejizima, maana kuna wakati (vita, nyumba yenye kipigo) hiyo ndo inakuvusha. Shida ni pale hatari imeisha na wewe bado umefunga. Jiulize, rafiki yako akipata habari njema unafurahi? Kama hata furaha haikugusi basi hujaachilia, umezima, tafuta mshauri nasaha uongee naye mapema.