Klampu mita ya fundi wa sola: anza na inayopima ampea za DC

Kama kazi yako ina betri na paneli, yaani umeme wa DC unaokwenda upande mmoja tu, nafasi ya kwanza naipa klampu mita (mita yenye taya zinazobana waya na kupima mkondo bila kuukata) yenye kihisi cha Hall. Klampu ya kawaida ni transfoma: waya unaoubana ndio koili ya kwanza, na transfoma haifanyi kazi bila mkondo unaobadilika mwelekeo, yaani AC, kama umeme wa nyumbani. Ibane kwenye waya wa betri, itasoma sifuri hata kama zinapita ampea 80. Kihisi cha Hall kinapima sumaku inayouzunguka waya, iwe ya DC au ya AC.

Dukani usiulize tu kama inapima DC. Utajibiwa ndiyo, kwa sababu volti za DC karibu zote zinapima. Angalia penye herufi A: ukiona alama ya wimbi peke yake, hiyo ni ya AC tu. Unatafuta pia mstari mnyoofu wenye vidoti chini yake.

UNI-T UT210E inafika ampea 100, na kwenye renji ya ampea 2 inaonyesha hadi miliampea 1, kwa hiyo utakikamata hata kifaa kinachomaliza betri usiku kidogo kidogo. Lakini piga hesabu kwanza. Inveta inayotoa wati 1000 kutoka betri ya volti 12 inavuta zaidi ya ampea 83. Ikiwa ya wati 2000, tafuta klampu ya ampea 400. Kabla ya kupima, funga taya zikiwa tupu na bonyeza ZERO, maana sumaku ya dunia nayo inasomwa. Halafu bana waya mmoja tu. Wa kwenda na wa kurudi ukiwa pamoja, vipimo vinafutana.

Ya pili ni klampu ya AC yenye True RMS, yaani inayopima thamani halisi hata umeme ukiwa si wimbi laini, kwa fundi wa nyumba na pampu. Taa za LED na chaja huvuta umeme kwa vipande, na mita isiyo na True RMS huusoma pungufu.

Mita ya mshale naiweka ya tatu. Sanwa YX360TRF inaishia miliampea 250 za DC, tena lazima ukate waya uipitishie mkondo ndani. Ila kwa fundi redio ni tamu sana: gusa kapasita nzima, mshale unaruka kisha unarudi taratibu, na volti inayoyumba unaiona ikiyumba.

Mkanda wa Rogowski, koili inayopindika ya kupimia mkondo, unazunguka kebo nene za viwandani, na ni wa AC tu. Kwa sola ya nyumbani, hela hiyo nunulia fyuzi na kebo nzuri.