Bezi fupi ya bei nafuu: angalia uzi wa E kwanza, rangi baadaye

Tangu niweke picha ya gitaa langu dogo la bezi, inbox imejaa malalamiko ya aina moja. Dada mmoja wa kwaya huko Nsambya kanunua bezi fupi nyekundu inang'aa vizuri kabisa, lakini akipiga uzi wa E, ule mnene wa sauti ya chini kabisa, unamtolea "bwooo" kama bati lililolegea kwenye upepo, mpiga kinanda anamgeukia na macho. Wa Arua naye analia hivyo hivyo. Kwa hiyo leo mambo ya rangi, mbao na umbo mtajisomea kwingine, mimi naongea uzi wa E.

Bezi ya kawaida, uzi kutoka nati (kile kijiti chenye mifereji juu ya shingo) mpaka briji (chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili) ni inchi 34. Fupi ni 30, na kuna ndogo zaidi ya hapo. Sasa uzi uleule, noti ileile, ukiufupisha unalegea, tena sana: kutoka 34 kwenda 30 unapoteza kama asilimia 22 ya mkazo, ukishuka mpaka 28.6 inakaribia asilimia 29. Nyuzi nyembamba, G na D, hazisumbui, A unaivumilia, E ndo inakuaibisha mbele ya kanisa zima.

Halafu siku ukitaka kubadilisha nyuzi, seti utakazoonyeshwa madukani Kampala karibu zote ni za bezi ndefu, na muuzaji anakwambia "chukua tu nyabo (mama), utakata". Uzi wa bezi unakondeana kule mwishoni ili uzunguke vizuri kwenye funguo za kukazia nyuzi, lakini kwenye bezi fupi inayofika kwenye funguo ni ile sehemu nene, haikunjiki, inateleza, kila wimbo ukiisha unatuni upya, na ukiukata kabla hujaukunja ule waya wa juu unaweza kuanza kufumuka na hapo uzi umekufa. Kunja kwanza ndo ukate. Lakini bora usifike huko kabisa.

Dukani beba futi ya fundi cherehani, hata wakikucheka. Pima kutoka nati mpaka freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyolala kwenye shingo), zidisha mara mbili. Ukipata sm 38 hivi kabla ya kuzidisha hiyo ni inchi 30, ukipata 43 hiyo ni bezi ndefu hata waseme nini. Kisha washa tuner ya simu, app ya kupimia noti, gusa E kidogo tu juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, sikiliza, halafu bonyeza hapo hapo upige tena. Kama ya kubonyeza iko juu, na kile kichuma kinachobeba E kwenye briji kimesharudishwa nyuma mpaka mwisho, hakuna fundi atakusaidia. Aga uondoke.

Haya, ya kwanza kwangu ni Ibanez Mikro, GSRM20. Mimi ni mtu wa Ibanez, sifichi na sitaki mabishano. Ndiyo, ni ile ya inchi 28.6, kwa hiyo E yake kiwandani ndo imelegea kuliko zote ninazozitaja hapa, najua. Ila kila uzi una kichuma chake kwenye briji, ina pikapu mbili (sumaku za kunasa sauti), moja kama ya bezi ya Fender Precision na moja kama ya Fender Jazz, unaweka E nene zaidi, hata ya 110 (ni elfu za inchi), fundi anapanua kidogo mfereji wa nati kwa tupa, imeisha. Nyepesi, binti wa miaka 11 anaishika, na seben ikianza, ile sehemu ya wimbo ya magitaa ya kasi ya kucheza, si mnajua seben za makanisa ya Wakongo haziishi, bega halikuumi.

Ya pili ni Squier Bronco, inchi 30. Pikapu moja, volyumu moja, toni moja, hakuna cha kuharibika. Pikapu yenyewe ni ya koili moja, ukumbi wenye umeme usio na waya wa ardhi itanguruma mpaka mchungaji aulize. Ukipata ya zamani angalia briji, zile nyuzi nne zinagawana vichuma viwili tu, E na A zinasukumana, ukirekebisha huyu unamharibu yule.

Gretsch Junior Jet, inchi 30.3, nzuri ukiipata. Epiphone EB-0 ya mtumba siipendi, pikapu iko kule karibu na shingo, sauti ni tope tupu, na ukiachia mkono wa kushoto shingo inaanguka yenyewe.

Zile zisizo na jina, za kifurushi na ampi ndogo (spika yake) na mkanda: pima kama nilivyosema. Zikipita chukua, zisipopita acha.

Kinachoniudhi sasa. Muuzaji mmoja hapa mjini alinitajia Mikro asubuhi kwa simu shilingi 1,300,000 za Uganda, nimefika jioni ikawa 1,500,000 "kwa sababu ya dola". Marekani inauzwa dola 200 na ushee! Sawa, kuna usafiri, kuna ushuru, kuna VAT ya asilimia 18, lakini VAT haipandi kati ya chai na chakula cha jioni. Na huyohuyo akaniambia hii ni ya watoto, dada mkubwa kama wewe chukua ndefu. Paul McCartney wa Beatles kapiga Höfner 500/1 ya inchi 30 tangu 1961, ile ya kwanza iliibwa 1972 na akarudishiwa, habari zikatoka 2024, mzee wa miaka themanini na ushee anafurahia kurudishiwa bezi fupi, wewe unaniambia ya watoto.

Ukishainunua, vidole vya kulia visogeze karibu na briji, E inakaza sauti, na usiivute kwa hasira, bezi fupi haipendi nguvu. Usiishushe E iwe D hata kiongozi wa sifa akuombe, mwambie apandishe wimbo.

Na kama una ndugu anakuja kutoka Nairobi au London usimwagize viatu. Mwagize nyuzi za D'Addario EXL160S, unene 50 mpaka 105, seti mbili. Hiyo S ya mwisho, yaani short, ya bezi fupi, aiangalie kwenye pakiti kabla hajalipa.