Canon EF 50mm f/1.8 STM: lenzi ya kutafutia mtindo wako

Wengi huinunua lenzi hii wakifuata jambo moja: uso umetokeza, nyuma yote imeyeyuka. Picha hiyo wataipata siku ya kwanza. Ila huo ni mtindo wa lenzi, si wa mpiga picha, na kila mwenye lenzi kama hii anao. Uzuri wake hasa ni kwamba haina zumu.

Kwa kuwa haivuti, umbali unauamua kwa miguu. Kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa kubwa, ukiishika wima na kusimama mita mbili, mtu anaingia kuanzia kichwani mpaka karibu na magoti. Kwenye sensa ndogo ya APS-C, umbali huohuo unaishia kiunoni, na kumpata mzima itabidi urudi nyuma karibu mita tano. Baada ya siku chache jicho huanza kupima lenyewe kabla kamera haijainuliwa, na mtu hugundua kuwa kuna umbali anaourudia kila mara bila kujua. Hiyo ni dalili ya kwanza ya mtindo.

Ifanyie kazi hivi. Kwa wiki nne tumia lenzi hii peke yake, na uiache kwenye f/4 au f/5.6 (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: ikikua, tundu hupungua na nyuma huonekana zaidi). Kwa watu wanaotembea weka shata, yaani kasi ya kufunguka na kufunga, 1/125 ya sekunde au zaidi, na ISO, wepesi wa sensa kwa mwanga, ijipange yenyewe. Hapo ukuta, nguzo na wapita njia wanaonekana, huwezi tena kuvificha kwa ukungu. Utalazimika kusogea hatua moja pembeni, kuchuchumaa, au kungoja. Kila mwisho wa wiki chagua picha 20, zichapishe ndogondogo na uzitandaze mezani. Usizipange kwa kilichopigwa. Tazama mwanga unatoka upande gani, kamera ilikuwa kimo gani, nafasi tupu imeachwa wapi. Kinachojirudia katika picha 12 kati ya hizo ndicho cha kukuza wiki inayofuata. Kazi za wengine nazo zisome kwa maswali hayohayo. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa lenzi ya 50mm, kwa hiyo ufinyu huu haumnyimi mtu kitu.

Kasoro zipo. Kwenye f/1.8 pembe za picha hazina ukali, na majani yaliyopakana na anga jeupe huchorwa ukingo wa zambarau. Ukifika f/2.8 hali inatulia sana. Kosa linaloharibu picha nyingi zaidi ni la fokasi, yaani kulenga ukali: kwa f/1.8 na mita moja na nusu kwenye fremu kamili, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 9 tu. Ukilenga jicho kwa nukta ya katikati kisha ukageuza kamera kupanga fremu, jicho linapotea na sikio ndilo linabaki kali. Sogeza nukta ya fokasi mpaka juu ya jicho. Kwa umbali wa chini kabisa, sentimita 35, zinabaki milimita nne au tano: kope kali, ncha ya pua imefifia.

Lenzi ni nyepesi, gramu 160, na kitako chake kinachoshika kamera ni cha chuma, tofauti na toleo la II la 1990 lenye kitako cha plastiki. Mrija wa mbele hutokeza wakati wa kufokasi, na ukigongwa mfukoni unaweza kuharibu mtambo wa ndani. Kwa kuwa pete ya fokasi inaendeshwa kwa umeme, izungushe mpaka masafa ya mbali ili mrija urudi ndani kabla ya kuzima kamera, ukishazima haiitikii. Kikinga mwanga ES-68 kinauzwa peke yake. Kinunue, maana ndicho kitakachopokea vishindo. Kitulizi cha mtikisiko hakuna: shata isishuke chini ya 1/60, au 1/80 kwa sensa ndogo.

Mwenye APS-C anayepiga zaidi ndani ya nyumba atafute EF-S 24mm f/2.8 STM. Zoezi ni lilelile, na mtu anaingia wote, kichwani mpaka miguuni, kwa mita mbili na robo hivi.