Utepe au nishani yenyewe? Kifua cha mwanamaji wa Marekani

Ofisa wa Jeshi la Majini la Marekani anaweza kuonyesha tuzo ileile kwa namna mbili, na kinachoamua ni sare ya siku hiyo. Kwenye sare ya kawaida ya heshima anavaa utepe: kipande cha kitambaa cha milimita 35 kwa 10 hivi, tepe tatu kwa safu, juu ya mfuko wa kushoto. Kwenye sare kamili ya sherehe zinavaliwa nishani zenyewe, zikining'inia.

Kwa shughuli za kawaida, mimi nasimama na utepe. Ni mwepesi, haugongi meza, haulii mtu akitembea. Nishani tano zilizopandana zinapendeza gwarideni, lakini jaribu kukaa nazo kwenye kiti cha gari!

Utata huja kwa tuzo zisizo na nishani, kama Combat Action Ribbon (tuzo ya walioshiriki mapigano), ambayo ni utepe tu. Siku ya kuvaa nishani zenyewe, utepe huo huhamia kifua cha kulia, ndiyo maana picha za sherehe huonyesha pande zote mbili zimejaa.

Mpangilio haubadiliki: tuzo ya juu kabisa hukaa safu ya juu, upande wa katikati ya kifua. Aliyetunukiwa nishani ileile ya ushujaa mara ya pili haongezi nyingine. Hubandika nyota ndogo ya dhahabu. Hapo wageni wengi hukosea, kwani nyota moja ya fedha husimama badala ya tano za dhahabu.