Lenzi ya 23mm mbele ya makaragosi ya Mtakatifu Alban: uzoefu wangu

Huu ni mwaka wa tatu niko na Fujifilm XF 23mm F2, na kazi kubwa niliyoinunulia ni moja. Kila Juni, Jumamosi iliyo karibu na tarehe 22, natoka Luton ninakoishi, napanda treni, nashuka St Albans kupiga picha maandamano ya Mtakatifu Alban, somo wa mji ule, yaani mtakatifu msimamizi wake. Nimekulia Muheza kwenye kanisa la Kianglikana, na sikukuu ya somo wa parokia naijua tangu nikiwa mdogo: msalaba mbele, watoto nyuma yake, vumbi na nyimbo. Siku niliyokutana nayo Uingereza, ikiwa na makaragosi marefu kupita mlango wa duka, nilijua nitarudi.

Waingereza wakitaja mtakatifu wa nchi yao humtaja George, tarehe 23 Aprili, bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu. Sikukuu yake nayo nimeipiga picha. Ila George hakuwahi kukanyaga Uingereza. Alban alikuwa mkazi wa palepale, Verulamium, mji wa Warumi uliokuwa bondeni chini ya kilima lilipo kanisa kuu leo. Alimficha kasisi Mkristo aliyekuwa anasakwa, akavaa joho la kasisi yule, askari wakamchukua yeye. Akakatwa kichwa. Bede, mtawa aliyeandika historia yake mwaka 731, anasema macho ya aliyemkata yalidondoka chini pamoja na kichwa cha mtakatifu.

Kisa chote hicho kinatembea barabarani. Maandamano yanaanzia kanisa la St Peter's, yanateremka mtaa mpana wa St Peter's Street ambao Jumamosi za kawaida ndipo lilipo soko, mpaka mlango wa magharibi wa kanisa kuu: Alban, hakimu, mkata shingo na upanga wake, malaika, simba, watoto waliovaa kama askari wa Kirumi na wengine kama mawaridi. Makaragosi makubwa yanapita mita tatu kwa urefu.

Kimo hicho ndicho kilichonishinda mwaka wa kwanza. Nilikwenda na lenzi ya 35mm, inayoona eneo jembamba kuliko 23mm, nikarudi na vichwa bila miili na miili bila vichwa. Kwa kamera ya APS-C (yenye kihisi cha ukubwa wa kati) kama yangu, hata ukiisimamisha wima, 35mm inataka usimame kama mita sita ndipo karagosi lienee lote. Ndani ya mita sita hizo kuna baba amembeba mtoto mabegani, mama na kigari, na simu kumi zimeinuliwa juu. Kwa 23mm mita nne zinatosha. Mita mbili tu zimepungua, lakini ndizo zinazokutoa nyuma ya watu na kukuweka mstari wa mbele. Ukifika karibu na Clock Tower, ule mnara uliojengwa kati ya 1403 na 1412, njia inabana na hata hizo nne unazipata kwa kuegemea ukuta.

Mtu ataniuliza kwa nini nisichukue lenzi ya kuzumu, ile inayovuta vitu vya mbali karibu. Ninayo, na siku hiyo naiacha nyumbani. Kwenye maandamano kuzumu kunanifanya nisimame mbali na kuvuta watu kama navuna, na picha zinatoka zote kama zimepigwa na mpita njia. Hii ya gramu 180 haimtishi mtu. Ni fupi, vidole vinaijua bila macho, na pete yake ya f, ya kufungua na kubana tundu la mwanga, inabofya kwa mlio unaousikia hata ngoma zikipigwa.

Ninavyoitumia ni hivi. Naweka f/8, tundu dogo, nazima fokasi ya otomatiki, nailenga kwa mkono kwenye mita tatu na siigusi tena. Hapo kila kilichoko kuanzia mita moja na nusu hadi thelathini na zaidi kinatoka safi. Shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ni 1/500 ya sekunde, kwa sababu makaragosi yanayumba kuliko unavyodhani, na ISO, usikivu wa kamera kwa mwanga, naiachia kamera. Tatizo ni mwanga. Mwisho wa Juni jua la mchana liko juu, na ukiinua kamera kumtazama Alban, nyuma yake ni anga tupu. Kamera inaogopa weupe ule na kumtoa mtakatifu akiwa kivuli. Naongeza nuru stopu moja (yaani mara mbili), hata moja na theluthi, anga liungue kidogo. Ni bora anga liungue kuliko uso upotee.

Mwaka wa pili ilinyesha. Lenzi hii imezibwa isipitishe maji, lakini hilo lina maana tu kama na kamera yako imezibwa. Mimi natumia X-T3, nayo imezibwa. Tulilowa wote, lenzi ikaendelea kana kwamba hakuna kitu. Cha kubeba ni kichujio cha 43mm mbele ya kioo na vitambaa vikavu viwili, si kimoja, maana cha kwanza kinalowa kabla hamjafika katikati ya njia.

Mkikaribia kuingia kanisani, kumbuka haina kitulizi cha mtikisiko, na X-T3 pia haina. Kutoka juani hadi ndani ya kanisa lile refu ni kama kuingia ghalani. Nafungua hadi f/2, ISO 3200, shata 1/125, nashusha pumzi ndipo nabonyeza. Flashi sitoi. Watu wanasali, na jioni wanakwenda na mawaridi mekundu kwenye kaburi la mtakatifu. Mwanga mkali mahali kama pale ni utovu wa adabu.

Niliinunua ya mtumba, pauni 240, kwenye duka la mtandaoni. Waliandika hali yake ni bora kabisa. Ilipofika, ukingo wa mbele ulikuwa umebonyea, kichujio hakifungi. Niliwatumia picha nne, wakachukua wiki mbili kujibu, wakarudisha pauni 40, na fundi akaunyoosha ukingo. Liliniuma, kwa sababu sikuwa naomba hisani, nilikuwa nimelipa. Ukinunua mtumba, funga kichujio siku ileile inayofika.

Kuhusu watoto nasema wazi. Sheria ya Uingereza haikuzuii kupiga picha mtaani, lakini mimi uso wa mtoto siuweki popote bila mzazi kukubali. Namwonyesha picha pale pale kwenye kioo cha kamera. Wengi wanakubali na kuomba watumiwe. Aliyekataa, nafuta mbele yake.

Picha ninayoipenda kuliko zote haina hata karagosi zima. Mkata shingo alikuwa amesimama kungoja waliotangulia wasogee. Nikapiga hatua mbili mbele, nikainama. Kwenye joho lake, usawa wa kifua cha binadamu, kuna kipande cha wavu mweusi, na nyuma ya wavu macho ya anayelibeba, jasho likiteremka kwenye nyusi. Juu kabisa, yale macho makubwa ya rangi yaliyosubiri kudondoka. Chini, macho ya mtu. Mita moja na nusu, f/8, fokasi ileile sikuigusa.

Baada ya upanga kushuka na macho kutoka, watu wakipiga makofi, nilimkuta yule mbebaji nyuma ya kanisa amevua mzigo, kakaa kwenye majani anakunywa maji kutoka kwenye chupa. Mikanda ilikuwa imemwachia alama mbili nyekundu mabegani. Nikamwonyesha ile picha. Aliitazama kwa muda, akavuta kamera karibu, akaikuza mpaka kwenye wavu, akamwita mkewe aje aone. Nilimchapishia nakala mbili. Juni iliyofuata alinikuta St Peter's Street kabla ya kuanza, akanionyesha mahali pa kusimama, mkono wake wa kulia, palipo na mita nne kamili.