Pampu ya kukamulia maziwa: kukodi au kununua? Niliyoyaona hapa Mbeya

Kwa mama anayerudi kazini huku mtoto bado ananyonya, jibu langu ni hili: nunua pampu yako, hata kama ni ya mkono, na achana na zile ndogo za umeme zinazozungushwa kwa kukodishwa kutoka kwa mama mmoja hadi mwingine. Bei nayo nimeipigia hesabu, mtaiona huko chini. Lakini kilichonifanya niamue ni mrija.

Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Kliniki nako tunaambiwa, na ni kweli, mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita. Kwa hiyo kuna wiki kama 14 ambazo mama yuko kazini na mtoto yuko nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, na kwa hilo ofisini kwetu sikupata shida yoyote. Shida ni kwamba mimi naishi Uyole na ofisi iko mjini. Anayepanda daladala kwenye ile barabara kuu ya Tunduma, na malori yake na ujenzi wake, anajua kuwa saa mbili zinaweza kuishia njiani hujamwona mtoto. Basi muda ule nikaamua kuutumia kukamua.

Tangazo la kukodisha nililikuta kwenye kundi la WhatsApp la akina mama. Shilingi 7,000 kwa wiki, na dhamana ya 30,000 unayorudishiwa ukirudisha mashine. Nikaenda kuiona kwa macho. Dada mwenyewe ni mtu mwema, kanikaribisha vizuri, kanitolea mashine imefutwa inang'aa, chupa mpya bado iko kwenye nailoni. Nikauchukua ule mrija unaotoka kwenye faneli, ile sehemu ya mdomo mpana inayokaa kwenye titi, kwenda kwenye mota, nikauelekeza dirishani. Upande wa mota, ndani kabisa, kulikuwa na utando mweupe uliokauka na vidoa vyeusi vimeushikilia. Ni ukungu ule.

"Mrija nitakubadilishia, mama," akaniambia. "Na wenzako wametumia, watoto wao wazima kabisa."

Namwamini, na sisemi kwamba alikuwa na nia mbaya. Ila pampu hizi ndogo nyingi hazina kitu kinachotenganisha njia ya maziwa na njia ya hewa. Mota inavuta hewa kupitia mrija, na tone la maziwa au mvuke wake likipanda, linaenda mpaka kwenye mota. Faneli utachemsha, chupa utachemsha, mrija utatupa ununue mwingine. Mota huwezi kuitia kwenye sufuria. Kilichobaki humo cha mama aliyetangulia, bakteria wake na ukungu wake, kinakaa kikikusubiri wewe. Na sote tuliokaa kwenye mabenchi ya kliniki tumefundishwa kwamba kuna virusi vinavyopita kwenye maziwa ya mama, VVU vikiwemo. Ndiyo maana hata Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inasema pampu iliyotengenezwa kwa mtumiaji mmoja isichangiwe, hata na ndugu.

Kukodi chenyewe hakuna ubaya, naomba hili lieleweke. Kuna mashine kubwa zilizotengenezwa kutumiwa na wengi, kwa mfano Medela Symphony, ambazo zina kizuizi ndani ili maziwa yasifike kwenye mota kabisa, na kila mama ananunua seti yake mwenyewe ya faneli, mirija na chupa. Hizo ni ghali mno kuzinunua mtu mmoja, kwa hiyo nchi za wenzetu watu hukodi. Mama aliyejifungua njiti, mtoto bado hana nguvu ya kunyonya, anatakiwa akamue mara nane au zaidi kwa saa 24, usiku na mchana, ili maziwa yasikatike. Huyo ndiye hasa anayehitaji mashine ya namna hiyo, na mtu akianzisha huduma yake Mbeya kwa utaratibu huo nitakuwa wa kwanza kumpigia debe. Mashine niliyoonyeshwa mimi haikuwa hiyo.

Sasa pesa. Wiki 14 mara 7,000 ni 98,000. Kwenye duka la vitu vya watoto kule Mwanjelwa, pampu ya umeme ya kuchaji nimeikuta 95,000, na ya mkono 38,000. Yaani ukikodi kwa muda wote wa kazi unalipa kuliko kununua mpya, na mwisho unarudisha! Kukodi kungekuwa na maana ya pesa kama unahitaji wiki mbili tatu tu.

Nilichukua ya mkono. Ya umeme nilitamani, inakamua haraka na mikono inabaki huru, lakini nilipomuuliza muuzaji vipuri akasema hana, ikifa valvu, yaani kile kimpira kinachoiwezesha pampu kuvuta, natafuta Dar. Ya mkono vipuri vyake anavyo vimening'inia ukutani. Huyu muuzaji nampa maua yake: alifungua boksi bila kununa, akaniacha nishike kila kipande, akaniambia mwenyewe, "Dada, usichukue kabla hujapima, nikishakuuzia sirudishi." Msimamo wa haki, vitu vya mwilini havirudishwi.

Kupima ndiko ambako wengi hawaambiwi. Faneli zina saizi kwa milimita, 21, 24, 27 na kuendelea, na boksi nyingi huja na 24. Nyumbani nilichukua rula ya shule ya mdogo wangu nikapima upana wa chuchu pale kwenye shina, bila kuhesabu lile duara jeusi. Chuchu inatakiwa iingie na kutoka kwenye shingo ya faneli bila kusuguliwa. Ikiwa faneli ni ndogo utaumia na maziwa yatatoka kidogo. Ikiwa kubwa inavuta na ngozi ya pembeni. Na kuvuta kwa nguvu hakuongezi maziwa. Ukiona unakunja uso, punguza.

Kwa matumizi, siku za mwanzo nilipata kidogo sana, hadi nikaanza kuogopa. Julai ya Mbeya mnaijua, saa mbili asubuhi vidole vimekufa ganzi. Kilichosaidia ni maji ya moto ya kwenye chupa ya chai: nalowesha kitambaa, nakamua maji, nakiweka kwenye titi dakika kadhaa huku nikisugua taratibu kwa kiganja. Halafu naanza na mivuto mifupi ya haraka, kama mtoto anavyoanza, mpaka maziwa yashuke, ndipo navuta taratibu kwa kirefu. Nilipozoea, nikawa napata hadi mililita 120 kwa pande zote mbili kwa mkao mmoja. Mkono unachoka, sitaficha, hasa kidole gumba. Nabadilisha mikono. Lakini umeme ukikatika mimi haunihusu, na stoo tunayohifadhia mafaili, ambako ndiko nakamulia, haina soketi hata moja.

Kuhifadhi, hapa baridi yetu ni neema. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa nne kwenye joto la hadi nyuzi 25, siku nne kwenye friji, na kwenye mfuko wa kutunza ubaridi wenye barafu yanafika saa 24. Mimi nagandisha chupa mbili ndogo za maji usiku, asubuhi naziweka kwenye mfuko. Mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu akakuta maziwa kwenye friji, akashtuka: "Mwanangu, hayo si yamelala?" Nikamweleza, akamwangalia dada wa nyumbani akimnywesha mtoto kwa kikombe kidogo, mtoto anapiga midomo. Kesho yake akawa anamnywesha yeye.

Kuosha: beseni lake peke yake, sabuni, maji safi kila baada ya kukamua, na jioni nachemsha vipande vyote dakika tano. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, ndiyo sababu maharage yetu yanakula mkaa hivi. Basi mimi huongeza dakika mbili tatu.

Kasoro niliyoikuta ni moja. Baada ya miezi miwili hivi maziwa yalipungua ghafla, nikadhani ni mimi. Nikakitoa kile kimpira cheupe cha valvu, kile chenye mdomo kama wa bata, nikakibana kidogo: mdomo ukabaki wazi, mwanga unapita. Kikishalegea hivyo pampu haivuti. Muuzaji anakiuza 3,000. Nunua viwili siku ileile unayonunua pampu, kimoja kiweke kwenye pochi, na ukikiosha usikiingize kidole wala brashi, kipitishe tu kwenye maji ya sabuni, hakichelewi kuchanika.